Ralanti ya Muderhwa

Madereva wa Muganza walimwita Valens Nzabonimana "Msoma Taa", na yeye alijifanya hapendi. Mimi Umuhire, niliyekaa naye gereji moja miaka kumi na miwili nikishika funguo za ghala la vipuri, najua alipenda sana. Dereva akisimama getini na kuita, "Msoma Taa iko?", Valens alikawia makusudi chini ya gari ili aitwe mara ya pili.

Alikuwa fundi wa umeme wa malori makubwa. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akajifunza kazi huko, na vita vilipowasukuma akavuka daraja la Rusizi na mke wake Védastine, sufuria mbili na daftari moja. Kwenye daftari hilo alikuwa amenakili kwa mkono, kwa Kifaransa chenye makosa mengi, maana ya kila kosa ambalo lori linaweza kulieleza kwa taa yake. Védastine aliwahi kuniambia kwamba siku ile ya kuvuka alitamani daftari liachwe wabebe godoro. Mpaka leo hajamsamehe.

Lori jipya husomwa kwa kompyuta. Lile la zamani kidogo, na ndiyo mengi tuliyo nayo huku, hujieleza lenyewe. Fundi anafungua kontakti, yaani swichi ya ufunguo, bila kuwasha injini, anabonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya dashibodi, anaachia, na taa ya njano inaanza kuwaka na kuzimika. Kuwaka kurefu ni kumi, kuwaka kufupi ni moja. Kisha taa inatulia kidogo na kuhesabu tena, safari hii ikisema kosa hilo limetokea mara ngapi. Valens alihesabu kwa sauti, akaandika kwenye kiganja chake, halafu akabonyeza na kusoma tena upya. Hakuwahi kuamini alichosoma mara moja. Mafundi vijana walimcheka kwa hilo, na mimi pia nilimcheka, kwa sababu nilikuwa nikingoja aniambie nitoe kipuri gani huku chai yangu ikipoa.

Kuna chombo kimoja lazima nikieleze, maana ndicho kilichotuharibia maisha. Kinaitwa ralantiseri. Kimefungwa nyuma ya gia, na kazi yake ni kulishikilia lori lisikimbie kwenye mteremko bila dereva kukanyaga breki. Kina boksi lake la umeme linalokiongoza. Boksi likihisi kasoro, linazima ralantiseri lenyewe, linawasha taa na kulihifadhi kosa ndani. Hapo lori lenye tani thelathini linabaki na breki za magurudumu peke yake, na hizo ukizikanyaga kutoka juu ya mlima mpaka chini zinaungua na kuwa bure kabisa. Anayeshuka kutoka Kamembe kuja kwetu bondeni na mzigo anamwomba Mungu, lakini anaitegemea ralantiseri.

Ralanti ni kitu kingine. Kutoka Bukavu mpaka Bugarama, kila fundi anajua ralanti ni ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, hakuna anayekanyaga mafuta. Ralanti ikiwa mbaya, injini inatetemeka au inazimika. Unakunywa chai, unairekebisha, unaenda zako. Haijawahi kumdhuru mtu.

Muderhwa peke yake ndiye aliyevichanganya. Alikuwa dereva wa lori lililoleta makaa ya mawe ya tanuri la saruji, Mshi, kabila la upande wa Bukavu, mtu mnene na mpole. Wiki nzima alilala Muganza, na Jumapili alivuka kwenda kwa mke wake Bernadette. Madereva wenzake walimtania kwa jinsi alivyoshuka milima polepole, wakasema watoto wa Gitambi wanaweza kuhesabu nati za magurudumu yake akipita. Wengine waliweka gia huru, wakaacha lori liteleze lenyewe ili waokoe mafuta. Huku tunaita kutia pwamo. Muderhwa hakuwahi kutia pwamo, na kila aliyemjua alilijua hilo.

Nakumbuka siku ya kwanza alipoleta neno lake. Ilikuwa mwaka juzi.

"Papa Valens," alisema, "ralanti yangu inafanya kichwa mubaya."

Valens alimwambia awashe injini, akainamisha sikio. "Ralanti yako iko muzuri sana. Iko inaimba."

"Si ile ya moteri. Ile ya kunishikilia mu mutelemuko."

"Ile ni ralantiseri, weye Mushi! Nani alikufundishaka Kifaransa?"

"Ni murefu sana ile jina. Mi nasema ralanti, weye unasikia. Batu babili bakisikilizana, inatosha."

Walicheka mpaka Valens akashika mbavu. Tangu siku hiyo likawa neno lao wawili. Muderhwa akisema "ralanti yangu", Valens alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la ralantiseri. Sisi wengine hatukulitilia maanani. Hata mimi nililisahau.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa tisa mchana, Valens alikuwa chini ya lori la watu wengine, lori lililotakiwa kutoka siku hiyo hiyo, na mwenye lori hilo amesimama juu yetu akiangalia saa. Nilikuwa nimepiga magoti kumpa fyuzi. Simu yake ikalia. Aliibana kati ya sikio na bega, mikono ikiwa kwenye nyaya. Nilisikia maneno yake tu.

"Ee, Muderhwa… Ralanti? Aa, hiyo haiuake muntu. Shuka nayo pole pole, nitaiangalia kesho asubuhi… Niko chini ya gari, Papa. Kesho."

Akaniachia simu nimwekee mfukoni. Haikuchukua hata dakika moja.

Muderhwa alikuwa amesimama juu, kabla ya mteremko. Mtu mwoga namna ile, taa imewaka, aliegesha, akampigia fundi wake kuuliza kama ashuke. Fundi wake akamwambia ashuke.

Breki ziliisha kabla hajamaliza kona za Gitambi. Waliomwona walisema magurudumu yalikuwa yakitoa moshi na honi ikilia mfululizo. Mama mmoja aliyeitwa Mukagasana alikuwa akirudi kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe, na sijui kama aliisikia. Alikufa hapo hapo. Lori liliparamia ukingo na kulala ubavu, na Muderhwa akatolewa humo miguu imesagika. Hospitali waliikata yote miwili juu ya magoti. Alipozinduka siku ya nne, alikumbuka chai aliyokunywa asubuhi ya ajali. Baada ya chai, hakukumbuka chochote.

Mwenye lori, bwana Izabayo, hakungoja azinduke. Jioni ile ile alisema mbele ya watu wote gerejini kwamba dereva alitia pwamo. Alisema lori lake lilikuwa zima, na kwamba wote wanatia pwamo, hata wanaojifanya watakatifu. Neno lilienea haraka. Askari akawekwa kwenye mlango wa wodi, maana mtu alikuwa amekufa, na anayetia pwamo akaua mtu anakwenda gerezani, awe na miguu asiwe nayo.

Valens hakumpinga siku hiyo. Nilidhani ni majonzi. Sasa najua alikuwa akilirudia lile neno kichwani, ralanti, ralanti, na lilikuwa limeanza kumgeuka.

Jumamosi walilivuta lori mpaka kwenye uwanja wetu. Mkaguzi wa ajali alitarajiwa Jumatatu. Hapa ndipo ninapomkasirikia Valens mpaka leo, na nitamkasirikia mpaka nife. Angesubiri! Angekaa kwenye kiti chake, Jumatatu angemwambia mkaguzi, njoo tusome pamoja. Lakini hakuweza kulala usiku mbili, na alitaka kujua. Jumamosi ile ile, saa nne asubuhi, alikuja kuniomba betri, kwa sababu betri ya lori lile ilikuwa imepasuka.

"Unaenda kufanya nini?" nilimuuliza.

"Kusoma."

"Peke yako?"

"Nisome kwanza, Umuhire. Pengine si vile."

Nilimpa. Nikasimama mlangoni kwangu nikamtazama akijipenyeza kwenye kabini iliyopindika. Aliunganisha nyaya. Taa ya njano ikaanza kukonyeza, niliiona kabisa kutoka pale niliposimama, lakini sikuhesabu. Kwa nini ningehesabu? Haikuwa kazi yangu kamwe. Nilimwona akiandika kwenye kiganja. Kisha akainama, akatulia, paji la uso likiwa kwenye usukani.

Baadaye aliniambia alichosoma. Mara mbili ndefu, mara nne fupi: ishirini na nne, waya wa kupima joto la mafuta ya ralantiseri umekatika. Halafu kumi na moja. Mara kumi na moja boksi lilikuwa limeizima ralantiseri kabla ya ajali. Muderhwa hakutia pwamo. Muderhwa alikuwa ameshuka hana kitu cha kumshikilia, kwa sababu fundi wake alisikia neno la gereji na kulisahau neno la rafiki. Mambo hayo mawili yalikuwa ndani ya boksi moja, hungeweza kulitoa moja ukaliacha jingine.

Akainua kichwa, akabonyeza tena, kusoma mara ya pili kama kawaida yake.

Kitufe kile kina kanuni ambayo Valens aliifundisha gereji nzima. Ukibonyeza na kuachia taa ikiwaka, inasoma. Ukiendelea kubonyeza mpaka taa izimike, inafuta kila kitu. Wakati huo huo gari la Izabayo lilikuwa likiingia getini, na mimi nikapiga kelele, "Valens! Patron anakuya!" Aligeuza kichwa kuniangalia. Kidole hakikuondoka. Nilimwona akiniangalia, akiniangalia, na nyuma yake taa ikawaka, ikazimika, haikuwaka tena.

Nimeyatafakari yale macho yake mara nyingi. Nimejiambia ni mimi niliyemshtua. Siku moja nilithubutu kumuuliza, tukiwa tumekaa juu ya matairi.

"Ni mi nilikuita, si vile?"

"Sijue, Umuhire," alisema. "Najiulizaka kila siku. Sijue kama ni weye uliniita, ao kidole kilitaka."

Alijaribu tena na tena asubuhi ile. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza, akazima betri, akawasha. Taa iliwaka mara moja na kukaa kimya, kama inavyofanya kwenye lori lisilo na kosa. Injini ilikuwa imekufa, lori halingeweza kwenda hata hatua moja ili boksi lihisi kasoro na kuliandika upya. Na waya wenyewe, ule wa kupima joto, ulikuwa umesagwa pamoja na nyaya nyingine zote za upande ule. Nani angesema ulikatika kabla au baada?

Nitasema hili kwa haki yake: Valens angeweza kunyamaza. Hapakuwa na ushahidi tena, wala mtu aliyejua. Alitoka kwenye ile kabini, akamwendea Izabayo aliyekuwa bado anafunga mlango wa gari lake, akamweleza yote. Simu, ralanti, ishirini na nne, kumi na moja, kidole. Mimi nilisimama nyuma yake.

Izabayo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Nilitamani akasirike.

"Valens," alisema, "uko na roho muzuri. Unataka kumuokoa rafiki yako. Lakini ralanti ni ralanti. Kila muntu hapa anajua ralanti ni kitu gani. Alikuambia moteri inatetemeka, ukamuambia ashuke. Ata mi ningemuambia ashuke."

"Yeye aliita ralantiseri vile, Patron."

"Nani mwengine alisikia akiita vile?"

Niliingilia, nikasema nilisikia, mwaka juzi, walipocheka. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mama mkwe. Akauliza kama nilihesabu taa. Nikasema hapana, lakini niliiona ikikonyeza. "Taa zote zinakonyezaka, Maman," alisema, akaenda zake.

Mkaguzi wa Jumatatu alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta. Alimpa Valens kiti, akamwita Mzee. Aliunganisha mashine yake kwa njia zake, akangoja, akaisoma. Kisha akatugeuzia kioo tuone wenyewe: hakuna kosa lililohifadhiwa.

"Nililifuta," Valens alisema. "Nilisoma makumi mbili na ine, mara kumi na moja, kisha nikafuta."

"Kwa nini ulifuta, Mzee?"

"Kidole."

Kijana aliangalia chini. Nadhani alimwonea huruma kweli. Valens akamfunulia kiganja chake, na kalamu ilikuwa bado inaonekana kwa mbali, kwa sababu alikuwa hajanawa mkono ule siku mbili. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, anakula kwa mkono wa kushoto ili asifute tarakimu. Kijana alisema kwa upole kwamba kila mtu anaweza kuandika kwenye mkono wake. Aliandika maelezo ya Valens kwenye ripoti, aliyaandika yote, na chini yake akaandika kwamba shahidi ni rafiki wa karibu wa dereva.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikuwa akisema ukweli unaomchoma mwenyewe, na kila aliyemsikia alimwona mwongo mwenye moyo mwema. Kanisani walimwombea. Fundi mmoja kijana alimpigapiga begani na kumwambia, "Papa, inatosha, ulijaribu." Valens aliacha kula vizuri. Madereva walipoita getini alitoka mara moja, akasoma, akasema jibu, hakurudia tena mara ya pili, na akikosea hakujali. Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nilimfokea Védastine aliponiambia nimshauri mume wake anyamaze, kisha nikaenda kwake kuomba radhi, tukalia wote.

Alikataa kwenda hospitali wiki tatu. Nilimlazimisha. Nilimwambia kuna mtu mmoja tu watakayemwamini akisema Muderhwa aliita nini ralanti, naye ni Muderhwa. Hakumbuki ajali, lakini neno lake mwenyewe analikumbuka. Amwambie, naye awaambie polisi. Nilipolisema hilo niliona uso wa Valens ukifunguka kidogo. Alinyoa ndevu. Tukapanda gari asubuhi kwenda juu hospitalini.

Bernadette tulimkuta kwenye ukumbi, ameketi sakafuni na sufuria yake ya bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Alikuwa akivuka kila siku kutoka Bukavu kumletea mume wake chakula. Alipomwona Valens aliinuka, akamshika mikono yote miwili.

"Papa Valens, Mungu akubariki. Batu ba kujichafua vile juu ya rafiki yabo ni bachache. Kudanganya mbele ya bapolisi! Mi sitasahau."

"Maman Bernadette, sikudanganya. Ni mi nilimuambia ashuke."

"Najua, najua," alisema, akamkonyeza. "Endelea kusema vile vile."

Valens aliniangalia. Tukampita askari mlangoni, tukaingia.

Muderhwa alikuwa amekonda. Shuka lilikuwa bapa pale miguu ilipotakiwa kuwa. Alitabasamu alipotuona, akatuonyesha kiti, akauliza habari za Védastine na shamba lake la mpunga. Valens hakukaa. Alianza kusema haraka, akajikwaa, akaanza upya: ile simu, lile neno, unakumbuka tulivyocheka, weye unaita ralantiseri namna gani?

Muderhwa alimsikiliza huku akitikisa kichwa polepole.

"Papa Valens, acha sasa."

"Jibu tu. Unaiita namna gani?"

"Ile neno ni ya kuchekesha tu. Acha. Mi nilitia pwamo."

"Hukutia! Weye haujatiaka pwamo ata siku moja!"

"Nilitia. Nimeanza kukumbuka. Mwanzo sikukuwa naona kitu, lakini kila muntu anakuya hapa ananielezea, na sasa naona. Naona mukono wangu iko kwa gia. Naona ule mama na majani yake." Akalinyosha shuka lake. "Bapolisi balikuya asubuhi ya leo. Nimebaambia yote, nimetia sinyatire kwa karatasi yabo. Banasema uko unazunguka ukisema ni weye. Uko na batoto, Papa. Nilisema hapana, huyu bataenda kumufunga juu yangu, na kosa ni yangu."

Valens akaketi pembeni ya kitanda, pale palipobaki nafasi. Alianza kulia kwa sauti, vibaya, mpaka askari akachungulia.

Muderhwa alijivuta kwa viwiko, akakunja ncha ya shuka lake, akaanza kumpangusa uso. "Usilie," alikuwa akimwambia. "Usilie, Papa. Weye ulinifanyia yote."